Vespa ya Baba na Magunia ya Mwani

Ilikuwa Mwanakwerekwe, hapa Unguja, saa mbili kasorobo asubuhi, nyuma ya daladala iliyosimama bila taarifa kupakia abiria. Nikakanyaga breki. Kwa asiyeijua vespa, breki ya nyuma iko miguuni, upande wa kulia, imefungwa kwenye bati lile lile unalolikanyaga. Pedeli ikashuka kama kawaida, halafu ikaendelea kushuka. Nikasikia mlio kama wa mtu aliyekanyaga gamba la kaa, kisigino kikapigwa na upepo kutoka chini. Nilipoinama kutazama, niliona lami inapita.

Mwendo ulikuwa mdogo na breki ya mkono ikashika, Alhamdulillahi. Nikaisukuma hadi kivulini. Kondakta akaniuliza kama leo nimeamua kukimbia badala ya kuendesha, nikacheka naye. Ningelia, ila ndani ya daladala ile mlikuwa na wanafunzi wangu wawili.

Vespa ni ya marehemu baba. Ilipofika mkononi mwangu ilikuwa rangi ya samli, imechujuka. Miaka miwili iliyopita nikaipeleka ikapakwa upya, kijani cha embe bichi, na watu wakawa wananisimamisha njiani wakitaka niwauzie. Asubuhi ile sakafu ilikuwa na tundu la kupitisha papai, na rangi pembeni mwa tundu bado inang'aa. Hilo liliniudhi kuliko tundu lenyewe. Maana kazi yangu, jamani, ni kusomesha kemia. Mada ya kutu naisomesha kila mwaka, na chaki nashika kwa mkono ule ule unaoshika usukani.

Fundi wangu ni kijana niliyewahi kumsomesha, ana gereji uani kwao huku Fuoni. Aliilaza vespa ubavu juu ya magunia, akachukua bisibisi, akaanza kuigonga kwa mpini, taratibu, kama daktari anayegonga mgongo wa mtu mwenye kikohozi. Penye chuma kizima palilia "ting". Penye ubovu palijibu "pu".

"Sikiliza, Mwalimu," akasema. Nikasikiliza. "Pu" zilikuwa nyingi.

Kisha akang'oa zile reli nyembamba za sakafuni na mpira wa kukanyagia. Chini ya mpira hapakuwa na bati tena. Palikuwa na tabaka za kahawia juu ya tabaka, kama manda za sambusa zilizosahauliwa juani, ukizigusa zinamomonyoka.

"Hii haikuanza kwako. Mzee alikuwa akipakia nini hapa?"

"Mwani."

Akaweka bisibisi chini. "Mwani mbichi?"

"Mbichi."

"Sasa, Mwalimu, unaniuliza mimi nini?"

Kwetu ni Jambiani. Kilimo cha mwani kilianza Unguja mwaka 1989, huko huko pwani ya mashariki, na mama alikiingia miaka michache baadaye. Maji yakitoka, wanawake huteremka na vigingi na kamba zao, na siku ya kuvuna wanarudi na magunia. Gunia la mwani mbichi ni zito, tena linavuja njia nzima. Wenziwe mama walibeba kichwani. Mama alikuwa na mume mwenye vespa. Baba aliteremka nayo hadi mchangani, gunia moja akalisimamisha katikati ya magoti yake, jingine akalifunga nyuma, akapanda hadi uani kwetu pa kuanikia. Maji ya bahari yalichuruzika juu ya sakafu, yakajipenyeza chini ya mpira, yakakaa. Sisi watoto tulikuwa tukiringa: mwani wetu unapanda vespa. Ilikwenda hivyo kila bamvua, kwa miaka kumi na kitu.

Na baba hakuwa mtu mchafu. Kila jioni aliipangusa kwa kitambaa, taa, ngao, matairi, mpaka unajiona uso. Aliipangusa juu. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi ya kama gramu 35, vijiko kadhaa vya chai, na yote iliyopita chini ya mpira ilibaki chini ya mpira.

Darasani mada hii huianza na misumari minne. Mmoja kwenye chupa kavu yenye dawa ya kunyonya unyevu, imezibwa. Wa pili kwenye maji yaliyochemshwa, juu yake nimemwaga mafuta ya kula ili hewa isirudi ndani. Wa tatu kwenye maji ya mfereji, wa nne kwenye maji ya bahari. Baada ya wiki, wa kwanza na wa pili wanang'aa, wa tatu ana kutu, wa nne anatia huruma. Huyo wa pili ndiye anayewashangaza. Amezama majini siku saba na hana kitu, kwa sababu kilichotolewa humo ni oksijeni. Chuma, maji, oksijeni: ukikosa kimoja kutu haitokei.

Halafu huchukua ule waya wa kusugulia masufuria, nikaulowesha, nikausukuma ndani ya kinywa cha bomba la kioo, nikalifudikiza bomba kwenye bakuli la maji. Siku chache baadaye waya umekuwa mwekundu na maji yamepanda ndani ya bomba, karibu moja ya tano ya urefu wake. Oksijeni iliyokuwa humo imeingia kwenye waya. Hapo ndipo huwaambia wanafunzi kwamba kutu hairuki kutoka mahali ikaja kutua juu ya chuma kama vumbi. Ile kahawia unayoifuta ni chuma chenyewe kilichoshikana na oksijeni na maji. Ukiifuta, umefuta chuma.

Kinachotokea ndani kinafanana na betri. Sehemu moja ya chuma kilicholowa inatoa elektroni, na atomi zake zinaondoka kuingia majini. Elektroni zinasafiri ndani ya chuma hadi sehemu nyingine, ambako oksijeni na maji vinazipokea. Vile vilivyotoka huku na vilivyozaliwa kule vinakutana katikati, ndani ya maji, na hapo ndipo kahawia inapojijenga. Kwa hiyo tundu na doa si lazima vikae pahala pamoja. Unaweza kuwa unasugua doa, na tundu liko hatua moja pembeni linaendelea na kazi.

Chumvi ina maovu matatu katika habari hii. Inayafanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi, basi betri inakwenda mbio. Kloraidi iliyomo inavunja utando mwembamba ambao pengine ungekilinda chuma. Na la tatu mwanamke yeyote wa pwani analijua bila kusoma: chumvi inavuta maji kutoka hewani. Masika ikiingia, kichupa cha chumvi mezani kinalowa mpaka utie punje za mchele. Chumvi hiyo hiyo ikikaa juu ya bati nayo inalowa, hata siku isiyo na mvua, hata usiku. Ndiyo maana kule kwetu, msimu wa kusi unapovuma kutoka baharini moja kwa moja, baiskeli iliyoegeshwa barazani inashika kutu bila kuguswa na tone.

Lakini kwa nini chini ya mpira, mahali pasipo na hewa ya kutosha, na oksijeni ndiyo inayotakiwa? Swali hili nililiuliza mwenyewe nimechutama pale uani kwa fundi, na jibu nilikuwa nalo kwenye daftari langu la somo. Mwingereza Ulick Evans, aliyekuwa Cambridge, alilionyesha kwa tone moja la maji ya chumvi juu ya chuma safi. Kila mwaka wanafunzi wangu hubashiri kwamba chuma kitaliwa ukingoni mwa tone, ambako hewa inafika kirahisi. Kila mwaka wanakosea. Ukingoni ndiko elektroni zinakopokelewa na oksijeni, pale pananusurika. Anayezitoa ni yule wa katikati, aliye mbali na hewa, na ndiye anayechimbika, huku kutu ikijichora duara kati ya wawili hao. Mpira wa vespa ni tone kubwa. Pembeni bati linapumua na kuonekana zima. Katikati, penye giza na unyevu, linaliwa.

Na vespa ina jambo lake. Corradino D'Ascanio, aliyeichora kwa ajili ya kampuni ya Piaggio na ikatoka mwaka 1946, alikuwa mhandisi wa ndege. Hakuipa mifupa ya mabomba kama pikipiki nyingine. Bati lenyewe lililokunjwa ndilo linalobeba mzigo. Sakafu ya gari ikitoboka unaweza kutandika zulia mpaka mwisho wa mwezi. Sakafu ya vespa ikioza, uti wa mgongo umeoza, na wewe umeukalia.

Yule aliyeipaka rangi miaka miwili nyuma alijua, maana tulikuta puti imejazwa kwenye vitundu kutoka upande wa juu, ikapigwa msasa ikawa laini kama shavu la mtoto, ikapakwa. Mpira aliupaka ukiwa mahali pake; kingo zake zilikuwa na kijani. Simtaji. Mimi nililipia kuona, nikaona. Rangi juu ya kutu ni kifuniko juu ya sufuria: kutu ina vinyweleo, inashika maji na chumvi ndani yake, na ukiifunika umeitunzia unyevu wake. Mnara wa Eiffel kule Paris, wa mwaka 1889, upo mpaka leo kwa kuwa hupakwa rangi takriban kila miaka 7, tena baada ya kukwangua palipoharibika. Na Paris haina bahari.

Zinki ni mchezo mwingine. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel alichukua hataza ya kukichovya chuma katika zinki iliyoyeyuka, na huko ndiko yalikotoka mabati yetu meupe. Rangi ikikwaruzwa, kutu inaingia mlango uliofunguka na kutambaa chini yake. Zinki ikikwaruzwa, inajitoa yenyewe iliwe badala ya chuma kilicho jirani, mpaka iishe. Paa la mama lina mikwaruzo ya makuti yaliyoanguka tangu sijaolewa, na mikwaruzo mingi bado ni ya kijivu. Kutu imeanza pale pembeni tu yanaporundikana majani ya mwembe na kukaa yamelowa.

Nilipokwenda Jambiani kumweleza mama, nilikuwa na plasta kisiginoni, kwa sababu ukingo wa lile tundu ulinichana. Jambo la kwanza aliloliuliza ni kama nimechomwa sindano. Nilichomwa. Ila na hapa niseme, kwa kuwa nasikia kila siku: pepopunda hailetwi na kutu. Inaletwa na bakteria wanaoishi kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, wanaopenda jeraha jembamba la ndani lisiloingia hewa. Msumari wenye kutu umekuwa na sifa mbaya kwa sababu aghalabu umelala kwenye udongo huo, na una mikwaruzo mingi ya kuushika. Msumari mpya uliotoka kwenye mavi ya ng'ombe ungekufikisha hospitali vile vile. Sindano chomweni.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, vidole vyake vinachambua mchele.

"Kwa hiyo weye unasema mwani wangu ndio ulioila vespa ya baba yako?"

"Si mwani, Mama. Maji yake."

"Mwani huo ndio uliokusomesha hiyo kemia."

Sikuwa na la kujibu. Ni kweli, ada na sare zilitoka kwenye magunia yale.

Nikanyamaza, nikawa natazama dirisha la chumba nilichomjengea mwaka 2009. Juu ya dirisha, kwenye linta, mna ufa uliolala sawasawa na nondo iliyomo ndani, na unatoa machozi ya kahawia. Niliuziba mara mbili. Mara mbili ulifunguka, na mara ya pili kipande cha plasta kilianguka juu ya beseni la mama. Chumba kile nilikijenga kwa mchanga wa pwani. Fundi alisema mvua imeshauosha, nami nilitaka kuamini, maana mchanga mwingine ulikuwa mbali na pesa zangu zilikuwa karibu kwisha. Msinionee huruma, niliyekuwa na cheti cha kemia pale alikuwa mimi.

Nondo ndani ya zege zuri huishi salama kwa sababu saruji ni kali kama magadi, na katika ukali huo chuma hujivika utando unaokizuia kuliwa. Kloraidi ya mchanga wa pwani inautoboa utando huo kutoka ndani. Kisha linakuja tatizo la nafasi. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili na zaidi, hata kufikia mara sita, na ndani ya zege hakuna pa kunyooshea miguu. Inasukuma. Zege linastahimili sana kubanwa, lakini kuvutwa haliwezi, basi linapasuka. Ufa unaleta hewa na maji zaidi, na nondo inazidi kunenepa kwa kutu huku chuma chake kikikonda.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Walioitunga walikuwa na nyumba za udongo na boriti za mikoko, hawakuwa na nondo. Huu wa kwangu, ukiuziba bila kulichimbua zege na kuifikia nondo, ukuta utajenga vile vile, pamoja na gharama za kuziba. Na hata ukiisugua nondo ikang'aa, chumvi iliyobaki ndani ya zege haitolewi na plasta. Linta ile inabomolewa. Fedha nazitafuta.

Jikoni kwa mama, kwa upande mwingine, hakuna kutu. Kuna mbuzi ya kukunia nazi aliyoachiwa na bibi, ulimi wake ni chuma cha kawaida kabisa, na meno bado yanauma. Siku nzima inashinda kwenye nazi mbichi, na usiku inalala kwenye hewa ile ile inayokula baiskeli. Mama akimaliza kukuna anausuuza ulimi, anaufuta kwa kitambaa, anaupitishia kidole chenye mafuta ya nazi, anaitundika. Chuma cha chapati hakioshi kwa sabuni wala hakiloweki. Kina gome jeusi la mafuta yaliyoungua miaka na miaka, na gome hilo ni rangi bora kuliko ile niliyoilipia mimi. Hajui neno oksijeni, anaizuia tu isifike.

Yeye pia ndiye bingwa wa madoa. Baba alikuwa na tabia ya kutundika kanzu kwenye msumari wa mlango, na kanzu nyeupe ikikutana na msumari wenye kutu mwezi wa masika unajua mwenyewe. Mama alikamua ndimu juu ya doa, akanyunyiza chumvi, akaianika juani, akarudia. Ile asidi ya ndimu inaishika kutu na kuiyeyusha, kisha inaondoka na maji. Mdogo wangu aliwahi kutia dawa ya kung'arishia yenye klorini akidhani atampiku mama. Doa likakomaa na kanzu ikaishia kuwa ya shamba. Klorini inazidi kuichochea kutu, haiitoi.

Nina kisa kingine cha darasani, nakipenda. Mwaka jana mwanafunzi mmoja wa kutoka Chwaka aliniletea chupa ya tano, nami huwa nina nne. Alikuwa ametia maji ya magome ya mkandaa, yale mekundu yaliyokuwa yakitumika kutia rangi na kutengenezea ngozi, akaweka ndani yake msumari wenye kutu. Msumari ulitoka mweusi kama wino. Darasa likasema ni uchawi. Ni tanini: inashikana na kutu na kuigeuza kitu cheusi kinachoshikamana na chuma. Baadhi ya zile dawa za kutu zinazouzwa kwenye vikopo madukani hutumia tanini hiyo hiyo, nyingine asidi ya fosforasi. Ndiyo maana pia ukikata embe dodo bichi kwa kisu cha chuma cha zamani kinakuwa cheusi, na kisu cha kisasa hakishtuki. Hicho cha kisasa kina kromi, angalau asilimia 10.5, na ni urithi wa Harry Brearley wa Sheffield wa mwaka 1913. Ilibidi nimpe mwanafunzi yule alama za ziada, ingawa alinichafulia meza.

Turudi kwenye vespa. Fundi aliikata sakafu yote, akachomea bati jipya nene kutoka ngao mpaka chini ya kiti, akasugua kila kona kwa brashi ya waya mpaka chuma kikawa cheupe, akapaka dawa, kisha rangi ya chini yenye zinki, kisha kijani. Alitaka kuumwagia uvungu oili chafu kama wanavyofanya wengi, nikamkataza. Ile inadondoka uani ninapopanda mchicha. Tukakubaliana grisi. Kwenye pembe mbili za chini alitoboa vitundu vya kutolea maji. Mpira wa kukanyagia nikakataa usirudishwe kwa gundi. Umewekwa tu, unanyanyuka kwa vidole viwili.

Nikamwahidi kwamba nitaiosha kila ninapotoka Jambiani. Akaniuliza, "Kwa maji gani?"

Nilimwona kama ananidharau. Maji ya kisima cha mama, nikasema, siku zote kila Jumapili kabla ya kurudi mjini naimwagia ndoo mbili. Akatingisha kichwa, akasema yeye kwao ni Paje, na visima vya kule anavijua.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda skuli na chupa mbili. Moja ilikuwa ya kisima cha mama, nyingine ya maji ya mvua niliyoyakinga huku Fuoni. Kwenye maabara yetu bado kuna silva nitreti kidogo kwenye chupa ya kahawia, dawa inayogeuza maji meupe yakiwa na kloraidi ya chumvi, tunaitunza kama dhahabu. Tone moja kwenye maji ya mvua: hakuna kitu, maji yalibaki maangavu. Tone moja kwenye maji ya kisima: yakageuka meupe mazito kama tui la kwanza. Kloraidi. Maji yale tumeyazoea, tunasema yana ukali kidogo, chai yake inataka sukari zaidi. Miaka miwili nilikuwa naisuuza chumvi kwa chumvi, Jumapili baada ya Jumapili, na naondoka roho yangu imetulia.

Vuli imeanza wiki hii. Juzi alasiri yalipodondoka matone makubwa ya kwanza, jirani zangu wote walikuwa wanakimbia kuanua nguo, na mimi nikawa natoa vespa nje. Nikaiegesha katikati ya uwanja, nikaunyanyua mpira, nikailaza upande mmoja, kisha mwingine, mvua ipige uvunguni.

"Mwalimu! Vespa inalowa!" akapiga kelele jirani wa nyumba ya pili.

"Naiona."

"Si utaiharibu? Kutu!"

Nikamwambia aje anishikie usukani nitamweleza, akaona heri abaki barazani. Mvua ilipokatika niliifuta, nikaiacha mpira umenyanyuliwa mpaka asubuhi, bati likauke.

Jana nilimpigia mama simu kumwomba akinge maji ya mvua. Kumbe ameshaweka pipa la bluu chini ya mchirizi wa bati tangu niliposimulia habari ya tui, na amemkataza dada kulitia ndoo. Dada alitaka maji ya kufulia. Ameambiwa hayo ni ya vespa.